Sura ya Sita: Meseji Si Pesa

Ni watu wachache wenye laini ya simu Tanzania ambao hawajawahi kupokea ule ujumbe unaowataka ile pesa waitume kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Aliyeuandika hakujui wala hana habari kama unadaiwa. Anausambaza kwa namba nyingi akitegemea jambo moja: kati ya watu hao yupo mwenye kodi mkononi anayesubiri namba ya mwenye nyumba, na yupo mama aliyeahidi kumtumia mwanawe nauli ya kurudi chuoni. Ujumbe ukimkuta mtu wa namna hiyo, akili yake mwenyewe humalizia kazi.

Muuzaji wa mtandaoni yuko katika hali hiyo kila siku. Ameweka picha ya friji Facebook au viatu Instagram, ameandika bei, ameacha namba yake ya simu hadharani, na sasa anasubiri. Katika sura iliyotangulia tulikuwa upande wa mnunuzi aliyelipia simu akaletewa kipande cha sabuni. Hapa tunavuka kaunta. Muuzaji naye anapigwa, na mara nyingi anapigwa kimya kimya, kwa sababu anaona aibu kusema kwamba alitoa mzigo kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, huku akishukuru.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, tumezoea kuisoma meseji kama risiti. Zimefuata Airtel Money, HaloPesa na Tigo Pesa, ambayo siku hizi inaitwa Mixx by Yas, na mazoea yakabaki yaleyale: simu ikilia, tunasoma "umepokea", tunafunga mzigo. Lakini meseji ni habari tu ya kwamba pesa imeingia. Pesa yenyewe iko kwenye salio. Kwa kuwa viwili hivyo karibu siku zote huja pamoja, tumesahau kwamba vinaweza kutenganishwa, na mwanya huo ndio tapeli anaopitia. Hana haja ya kuvunja mitambo ya benki wala ya kampuni ya simu. Anachohitaji ni wewe uache kuangalia salio kwa dakika tano.

Tuseme unauza simu ya mtumba kwa shilingi 480,000. Jumamosi, kama saa kumi na mbili jioni, mtu anakuandikia WhatsApp. Ana adabu, anakuita dada, anauliza habari za betri, anaomba umpunguzie elfu ishirini na unampunguzia. Yuko kazini, hawezi kutoka, anamtuma boda. Muda si mrefu boda yuko getini, pikipiki inanguruma, na anakuambia ana abiria anayemsubiri. Hapohapo meseji inaingia: umepokea Sh 460,000, jina, kumbukumbu ya muamala, tarehe, saa, salio jipya. Mteja anapiga. "Dada, imeingia? Basi mpe huyo kijana, giza linaingia."

Kila kitu hapo kimepangwa ili usipate nafasi ya kufungua menyu. Boda si mwizi. Amekodiwa kama anavyokodiwa na mteja yeyote, na atamkabidhi mzigo mtu aliyesimama kando ya barabara, alipwe nauli yake, aende zake. Ukimkimbilia kesho kijiweni kwake utakuwa umemkamata asiye na hatia, na wapo vijana wa bodaboda waliopigwa na watu wenye hasira kwa kosa la namna hii. Mwizi ni yule wa kwenye simu, na laini yake itakuwa imezimwa kabla boda hajafika mbali.

Meseji ya kughushi ina dalili zake. Ya kweli hutoka kwa jina la huduma na huingia kwenye mfululizo uleule wa meseji za miaka yote. Ya tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida na kufungua mazungumzo mapya. Salio jipya lililoandikwa haliwezi kulingana na salio lako, kwa sababu aliyeandika hakulijua. Hata hivyo sikushauri utegemee dalili hizi peke yake. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na macho ya mtu mwenye haraka husoma tarakimu za kiasi na kuruka mengine yote. Njia ya uhakika ni kuuliza mtandao wenyewe: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*01# kwa Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, *334# kwa M-Pesa ya Kenya. Andika salio lako kabla mteja hajalipa, kisha liangalie baada ya yeye kusema amelipa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo malipo. Picha ya skrini aliyokutumia haina thamani yoyote. Kuitengeneza ni kazi ya dakika chache kwa mtu yeyote mwenye simu janja.

Atakwambia mtandao unasumbua. Hoja hii ina nguvu kwa sababu mara nyingine ni kweli: pesa hukatwa upande mmoja na kuchelewa upande wa pili. Usibishane naye wala usimwite mwizi, maana huenda ni mteja halali mwenye bahati mbaya. Mwambie tu kwamba ikiingia, mzigo unaondoka. Mteja wa kweli atanung'unika, atasubiri, au atamwambia boda arudi kesho. Tapeli ataongeza presha: atapiga mara tatu mfululizo, atampa simu mtu anayejiita mhudumu wa kampuni, na mwisho atatukana. Matusi hayo yapokee kwa moyo mweupe. Ni dalili kwamba mzigo wako bado uko ndani.

Kuna maduka ambayo hatari hii ni kubwa zaidi: yale ambayo laini ya malipo iko kwa bosi nyumbani na muuzaji wa dukani hana uwezo wa kuangalia salio. Msichana wa watu anaonyeshwa picha ya muamala, anampigia bosi, bosi yuko msikitini au kwenye kikao, foleni inarefuka, naye anaamua kuamini. Mzigo ukipotea unakatwa kwenye mshahara wake. Naona huo ni uonevu. Mwenye duka ambaye hajampa muuzaji wake njia ya kuthibitisha malipo ndiye aliyeacha mlango wazi, na hasara ni yake. Dawa ipo: chukua lipa namba ya biashara na uhakikishe taarifa za malipo zinafika kwenye simu inayokaa dukani.

Sasa tuje kwa wizi ambao pesa inaweza kuingia kweli. Huu unaumiza zaidi, kwa kuwa salio linakubaliana nawe.

Wa kwanza ni wa kuzidisha. Mteja anadai alitaka kutuma 85,000 kidole kikateleza akatuma 850,000, na anakusihi kwa jina la Mungu umrudishie tofauti, tena kwenye namba nyingine kwa sababu hii "ina tatizo". Mara nyingi hakuna kilichoingia, na utakachorudisha ni akiba yako. Lakini hata kama imeingia, usiirudishe kwa mkono wako na usiipeleke kwenye namba tofauti na iliyotuma. Mwelekeze apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe. Aliyekosea kweli hapotezi chochote kwa kupita njia hiyo.

Wa pili ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu unamgeuza muuzaji mwaminifu kuwa mtuhumiwa. Una watu watatu, na wawili kati yao hawajuani. Tapeli anaona tangazo lako la kompyuta ya 700,000. Anakwambia anaitaka, anaomba namba ya kulipia na jina linalotokea. Wakati huohuo ametangaza mahali pengine kwamba anauza televisheni ya bei hiyohiyo, na amempata mtu wa Dodoma anayeitaka. Anampa mtu wa Dodoma namba yako na jina lako kana kwamba wewe ndiye mwenye televisheni. Mtu wa Dodoma analipa. Kwako pesa inaingia, salio linapanda, umeangalia kila kitu nilichokwambia uangalie, na unamkabidhi kompyuta kijana aliyetumwa. Siku tatu zikipita bila televisheni, mtu wa Dodoma anakwenda polisi. Namba iliyopokea pesa yake ni yako, na jina ni lako. Laini yako inaweza kufungiwa, unaweza kuitwa kituoni, na huko utaeleza habari za mtu ambaye humjui hata kwa sura.

Kinga yake ni jina. Pesa ikiingia, soma jina la aliyetuma na ulilinganishe na jina la unayezungumza naye. Yakitofautiana, usitoe mzigo kwanza. Mpigie aliyetuma kwa namba iliyoonekana kwenye muamala, si kwa namba atakayokupa mteja, na umuulize swali moja: umelipia nini? Kama ni mume amelipia kwa laini ya mkewe, mke atasema kompyuta. Kama atasema televisheni, umemwokoa yeye na umejiokoa mwenyewe. Jina kulingana si uthibitisho kamili, kwa kuwa hata baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole matapeli wanatumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, mara nyingi watu wa vijijini walioambiwa waweke kidole mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza "haikusoma". Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda mojawapo inatumika hivi sasa kumwibia mtu. Ila jina lisipolingana, hiyo ni sababu tosha ya kusimama.

Wa tatu ni wa kulipa na kuirudisha. Kenya, aliyetuma pesa kimakosa anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba irudishwe. Ni huduma nzuri iliyowaokoa wengi, na kwa sababu hiyohiyo kuna wanaolipa kweli, wakachukua mzigo, kisha wakadai walikosea namba. Hapa ndipo Waswahili waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji mwenye mazungumzo yote kwenye simu, risiti yenye jina la mteja na saini au picha ya aliyepokea mzigo ana la kujibu akiulizwa. Anayefuta mazungumzo ili kupata nafasi kwenye simu hana.

Na ukiambiwa uweke namba ya siri ili upokee malipo, kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri, kwa mtandao wowote.

Tukishamaliza malipo bado kuna safari ya mzigo. Bidhaa nyingi zinazouzwa mtandaoni kwetu husafiri kwa basi. Unafunga mzigo kwenye boksi, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unaupeleka ofisi ya mizigo ya basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, au kwenye ofisi yao ya mjini, unalipia, unapewa risiti, na kesho yake mteja wa Mwanza au Mbeya anaufuata. Ni mfumo unaofanya kazi, na nauvulia kofia. Lakini muuzaji anapaswa kujua kwamba ile risiti ndiyo mzigo. Anayetaja jina, namba ya simu na kuonyesha risiti ndiye anayekabidhiwa. Kwa hiyo ukimpigia picha risiti na kumtumia mteja ili "aamini kwanza ndipo alipe", umeshamkabidhi. Mpe picha ya boksi likiwa kaunta kama unataka kumtuliza. Risiti ifuate malipo.

Mteja naye ana haki ya kuogopa, maana wauzaji wezi ni wengi na tumewasoma. Kati ya hofu yake na yako hakuna budi mmoja atangulie. Mimi huwashauri wanaouza mara kwa mara wakubali kutanguliza uwazi badala ya kutanguliza mzigo: mpigie simu ya video akiona bidhaa ikiwashwa, andika namba ya IMEI kama ni simu (bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu kumi na tano), rekodi video isiyokatwa kuanzia bidhaa iko mezani hadi boksi limefungwa na gundi. Video hiyo ina kazi ya pili. Kuna mteja atakayepokea simu nzima na kukutumia picha ya simu nyingine yenye kioo kilichopasuka akidai ndiyo uliyomtumia. IMEI itamjibu kwa niaba yako.

Namba ya simu iliyoandikwa juu ya boksi inasomwa na kila anayepita stendi. Ndiyo maana mteja anaweza kupigiwa na mtu anayejiita wa ofisi ya basi: mzigo umezidi uzito, ongeza elfu kumi na tano, tuma kwenye namba hii. Au wewe ndiye unapigiwa: mzigo wako umekamatwa kwenye ukaguzi, toa pesa ya kuutoa. Kabla ya kuachana na kaunta, chukua namba ya ofisi ya basi iliyochapwa kwenye risiti, na umwambie mteja kwamba nauli imelipwa na hakuna malipo mengine yatakayodaiwa kwa simu. Usiandike nje ya boksi kilichomo ndani. Na usikubali kondakta awe mtu wa kukupokelea malipo kutoka kwa mteja. Hata akiwa mwaminifu, kazi hiyo hana mkataba nayo wala huna risiti yake.

Anayetumia Posta, kwa EMS au rejista, ana kitu ambacho basi halina: namba ya kufuatilia yenye muundo uliokubaliwa na Umoja wa Posta Duniani. Ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, TZ kwa Tanzania na KE kwa Kenya. Wauzaji hukutana nayo pia kwa njia mbaya, pale mteja anapodai amerudisha kiatu kisichomtosha, anakutumia namba ya kufuatilia na kutaka pesa yake leo. Tarakimu ya tisa si ya kubahatisha. Chukua nane za mwanzo, zizidishe kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kutoka 11. Jibu ndilo tarakimu ya tisa. Likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Kwa 47312482 jumla ni 200, baki ni 2, kwa hiyo ya tisa lazima iwe 9. Aliyebuni namba kichwani mara nyingi hukwama hapo. Namba ikipita mtihani huu haimaanishi kwamba mzigo upo, kwa hiyo ifuatilie kwa Posta yenyewe, na pesa irudi baada ya kiatu kufika na kutolewa kwenye boksi.

Neno fupi kwa wanaouza vikapu, vinyago na vitenge kwa wateja wa ng'ambo. Mnunuzi asiyeomba punguzo, asiyeuliza vipimo, na anayetaka kulipa zaidi ya bei ili wewe umlipe "wakala wake wa usafirishaji" atakayekuja kuchukua mzigo, ni tapeli. Malipo yake huwa ya kadi ya wizi au hundi ya bandia; yatafutwa baada ya siku kadhaa, na pesa uliyompa wakala, ambaye ni yeye mwenyewe, haitarudi. Barua pepe ikisema malipo yameingia ila yanasubiri utume mzigo, usibonyeze kiungo kilichomo. Fungua akaunti yako mwenyewe kama unavyoifungua siku zote. Kisichoonekana humo hakipo.

Ikitokea umepigwa, saa ya kwanza ina thamani kuliko siku zote zitakazofuata. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ukiwa na kumbukumbu ya muamala, maana pesa ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Nenda kituo cha polisi upewe RB, au namba ya OB kama uko Kenya. Bila hiyo hakuna atakayekufungulia taarifa za laini ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinamfunga anayeghushi na anayejifanya mtu mwingine kwa njia ya kielektroniki. Usione aibu kusimulia ulivyopigwa. Na hata kama mzigo wako ulibaki ndani na tapeli aliondoka na matusi tu, peleka namba yake na meseji yake kwenda 15040 kama uko Tanzania, au 333 kwa Safaricom, kabla hujamzuia kwenye simu yako, kwa sababu usiku huohuo atakuwa akimuulizia muuzaji mwingine habari za betri.